Maua Juu ya Natalia

Mtaa wote wa Magomeni pale Kilosa ulijua kwamba Kasiani akishaziba dirisha kwa blanketi mchana kweupe, hataki mtu. Watu wengine huziba dirisha kwa sababu ya homa, au kwa sababu ya mambo yao wanayoyajua wenyewe. Kasiani aliziba kwa sababu ya televisheni. Na hiyo televisheni haikuwa inaonyesha kitu ambacho ungeweza kumsimulia jirani ukaeleweka.

"Kasiani!" Melkizedek, fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, hakukosa kumpigia kelele. "Leo umefunga ndoa na nani humo ndani?"

"Na shangazi yako!" alijibu Kasiani kutoka gizani, na waliokuwa wakisubiri kuzibiwa pancha wakacheka. Siku nyingi hayo ndiyo yalikuwa maongezi yake yote mpaka jua linazama.

Baba yake aliletwa Kilosa na mkonge kutoka Songea. Kasiani mwenyewe alizaliwa kambini, akakua, akawa fundi umeme wa kiwanda cha mkonge, mpaka shamba lilipopata tajiri mpya na wafanyakazi wakaambiwa kwaherini. Wenzake waliopewa kiinua mgongo walinunua mashine za kusaga, wengine walinunua pombe. Yeye akanunua kamera ya video, ile kubwa ya kukaa begani kama gogo, na televisheni moja na deki moja. Miaka ile ya ruksa kila kitu kilikuwa kinaingia nchini, na hakuna bibi harusi aliyetaka kuolewa bila kanda. Wakamwita Kasiani Video, naye akaitika.

Wapiga video wa Morogoro mjini walikuwa na deki mbili za kunakilia. Kasiani alikuwa na moja. Basi alifanya hivi: anaicheza kanda mama, ile aliyopigia harusi yenyewe, kwenye televisheni, anaisimamisha kamera mbele yake juu ya miguu mitatu, na kamera inarekodi kile inachokiona kwenye kioo. Sauti inaingia hivyo hivyo kwa hewa, pamoja na jogoo wa jirani. Familia inapewa nakala hiyo, kanda mama inabaki kabatini kwake. Hakuna aliyelalamika. Harusi ilionekana, na jogoo hakuonekana.

Maua yalimjia kwa kosa la waya. Siku moja alimaliza kunakili, akauchomeka waya wa kamera kwenye televisheni ili aone kama kazi imetoka vizuri, akasahau kuigeuza kamera. Ikabaki inaitazama televisheni, na televisheni ikawa inaonyesha kile kinachoonwa na kamera. Akaona televisheni ndani ya televisheni, na ndani yake nyingine, zinapungua kama wanafunzi kwenye mstari mpaka macho yanashindwa kufuata. Akaiinamisha kamera kidogo, mstari ukajikunja ukawa duara. Akawasha njiti ya kibiriti, na ule mwali ukashikwa, ukazunguka, ukazaa. Hata njiti ilipozimika, mwanga wake uliendelea kuishi kwenye kioo. Lilikuwa ua. Kila petali ilikuwa na petali zake ndogo zilizofanana na ile kubwa, na zile ndogo nazo zilikuwa na za kwao.

Tangu siku hiyo alishikwa. Akajifunza kwamba ukisogeza kamera kwa upana wa ukucha, ua linageuka mto wenye vijito, na kila kijito kina vijito. Ukizungusha kitufe cha rangi, unapata madoa ya kanga wa porini. Ukizidisha mwanga kidogo tu, kila kitu kinakufa na kioo kinabaki cheupe kama unga. Alilala akiwaza vitufe. Ukipitisha mkono wako mbele ya kamera, mikono isiyohesabika inakupungia kutoka ndani.

Mkewe Generoza alicheka mwanzoni. Alikuwa mwanamke wa kucheka, nyumba ilisikika kutoka stesheni. Baadaye akaacha.

"Wenzako wamepata kamera ndogo za kisasa," alimwambia, "harusi zinakupita mlangoni. Wewe umekaa unatazama televisheni inayojitazama yenyewe. Mimi siwezi kuwa mke mwenza wa kioo, Kasiani. Nimejaribu."

Akapanda treni kwenda Dodoma kwa dada yake. Mwaka haukuisha, habari zikaja kwamba ameolewa na mtu mwenye mashine ya kukoboa. Kasiani hakumfuata. Siku habari zilipofika aliziba dirisha, akachukua kanda kabatini, ya harusi ambayo wenyewe walishapewa nakala yao, akarekodi maua juu yake. Alifanya hivyo ili kuwe na kitu cha kuonyesha, siku akija mtu wa kuonyeshwa. Hakuja mtu. Na kamera nayo haikukaa sana. Upande wa kurekodi ulikufa, ikawa ukiipa kanda inaitafuna kama mbuzi. Likabaki jicho lake tu. Basi akawa anayatengeneza maua, anayatazama, anazima, yamekwisha.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiishi mpaka mwaka ule wa mafuriko makubwa ya mto Mkondoa. Maji yalipokauka, alikuja mama mmoja wa Mabwerebwere, Tumwagile, mjane, amevaa kanga za msiba na viatu vya plastiki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimekuja na shida yangu." Akakaa kabla ya kukaribishwa. "Wewe ndiye uliyepiga video harusi ya Bernadetha, ile ya ukumbi wa reli. Natalia wangu alikuwa mpambe."

"Namkumbuka. Aliyecheza na masufuria kichwani."

"Huyo. Matano, yamepandana, na hakuyashika. Natalia amekufa kwenye uzazi, Desemba. Picha zake zote zilikuwa kwenye sanduku langu, na sanduku limekwenda na maji. Uso wake bado ninao, baba. Ila namna alivyokuwa akitembea inanitoka. Kila nikiamka inapungua. Niwekee hiyo kanda nimwone."

Kasiani alifungua kabati. Ganda lilikuwepo, limeandikwa Bernadetha na Pastory kwa kalamu yake mwenyewe, na hapo akakumbuka ni kanda ipi aliyoichukua siku zile habari za Dodoma zilipofika. Hata hivyo aliitia kwenye deki. Bibi harusi akashuka kwenye gari. Akainua gauni asikanyage tope. Picha ikakatika kwa michirizi, halafu yakaja maua, mekundu na ya buluu, yanazunguka taratibu.

Alikuwa na uongo tayari mdomoni, wa ukungu na wa panya. Lakini maua yalikuwa pale mbele ya wote wawili, mazima kabisa, hayana ukungu wowote.

"Nini hiki?" aliuliza Tumwagile.

"Maua. Nimeyatengeneza mimi."

"Na harusi?"

"Nilirekodi juu yake, mama. Nilijua wenyewe wana nakala yao. Sikufikiria mtu mwingine."

"Juu yake." Mama yule aliyarudia maneno hayo polepole. "Kwa hiyo Natalia yuko chini ya haya?"

"Hayupo, mama. Ukirekodi juu, cha chini kinafutika."

Alitegemea matusi, na angeyapokea. Tumwagile alivuta kiti karibu na televisheni, akakunja mikono.

"Usizime. Nataka nione kitu gani kilikuwa na thamani hiyo."

Akaangalia yote. Alikaa pale dakika zote arobaini bila kupiga miayo, mto unazaa vijito, madoa yanafunga na kufungua, ua linameza ua. Kasiani alikuwa ameingoja kwa miaka mingi saa ya mtu kukaa kwenye kiti kile na kuangalia mpaka mwisho. Sasa ilikuwa imefika, na alichotaka ni huyu mama ainuke aende zake.

"Hili linafanana na mkonge ukiuangalia kutoka juu," alisema Tumwagile.

"Ndivyo ninavyoliita."

"Ni zuri." Alilisema kama unavyomwambia mwizi kwamba shati alilovaa limemkaa. "Ila halina mtu ndani." Akainuka, akajifunga kanga upya. "Hiyo nakala iko wapi?"

"Mikumi, kwa Bernadetha mwenyewe."

"Basi unangoja nini?"

Kesho yake Kasiani alipanda pikapu iliyokuwa inarudi Mikumi, akakaa nyuma juu ya magunia ya vitunguu, akapigwa na vumbi la kijiji cha Ulaya mpaka nyusi zikawa nyekundu. Bernadetha alikuwa na mgahawa kando ya barabara kuu ya Iringa, pale yanapolala malori, na alikuwa nyuma ya jiko akiwafukuza nyani wawili kwenye pipa la maganda. Amenenepa, ana watoto watatu, sauti yake imekuwa ya kuagiza.

"Fundi! Shikamoo! Nani kakutupa huku? Pastory hayupo, yuko safari na lori. Kaa, unywe chai."

Kasiani alitaka aianze ile habari ya Natalia, lakini akaona kwanza ahakikishe. Akaomba aione kanda ya harusi, mara moja tu, kuna kitu anakitafuta. Bernadetha akacheka, akasema kwamba hapo kwake haipiti Jumapili bila kanda hiyo kuangaliwa. Watoto waliposikia wakaingia mbio, wakakaa chini mstari wa mbele.

Nakala ilikuwa imefifia, na pembeni kioo cha ile televisheni ya Kasiani kilionekana kimepinda. Keki ikapita. Wazee wakapita. Halafu zawadi, na Natalia akaingia ukumbini akicheza, masufuria matano kichwani, mikono amefungua, kiuno kinakwenda na kichwa kimetulia kama kimewekwa mezani. Alifika kwa maharusi, akapiga goti bila kudondosha hata mfuniko. Kasiani akashusha pumzi. Yupo.

Hapo watoto wakaanza kusukumana. "Inakuja! Inakuja!"

Kutoka ndani ya televisheni, karibu kuliko muziki wote wa harusi, Generoza akasema, "Kasiani, toka huko uje ule. Mboga naimaliza mimi."

"Shsh! Narekodi!" ilijibu sauti ya Kasiani.

"Rekodi basi na njaa yako!" Kikafuata kile kicheko chake, kirefu, na mlio wa mfuniko wa sufuria, na mlango.

Watoto walikuwa wameyasema maneno yote pamoja nao, hawakukosea hata moja, na mdogo wao alikuwa amelala chali kwa kicheko.

"Huyo mama tunampenda sana hapa kwetu," alisema Bernadetha akijifuta macho. "Hawa hata kulala hawalali bila kuambiana shsh, narekodi. Hajambo lakini?"

"Hajambo," alisema Kasiani.

Chai ilikuwa imepoa mkononi. Siku ile ya kunakili angeweza kuinuka. Kanda ingejirekodi yenyewe, haikuhitaji mtu wa kuisimamia. Hakuwa ameinuka.

Ndipo akamweleza Bernadetha habari ya Natalia, na mafuriko, na sanduku, na kanda mama aliyoifuta kwa mkono wake. Bernadetha akakaa chini juu ya kreti ya soda. Hakuwa amejua. Natalia alimshikia gauni siku nzima ile, na yeye hata matangani hakufika.

"Hii sikupi," alisema baadaye, akiwa ameishika kanda kifuani. "Usinitazame hivyo, fundi. Sikupi kwa sababu wewe unafuta. Nitaileta mwenyewe. Pole yangu bado sijaitoa. Jumapili nakuja kumpa mama pole, na atamwona mwanawe mbele yangu."

Jumapili mchana alifika kama alivyosema, na mchele na kanga mbili za kumfariji mfiwa. Tumwagile alikuja na wanawake watatu wa Mabwerebwere. Kasiani aliziba dirisha, akawapa viti vyote, yeye akachuchumaa kando ya deki.

Natalia akaingia ukumbini na masufuria yake. Tumwagile hakulia. Wale wengine ndio waliolia. Yeye alisogea mbele, na miguu yake sakafuni ikawa inafuata hatua za mwanawe, kidogo kidogo, kwenye vile viatu vya plastiki. Natalia akapiga goti.

"Rudisha, baba."

Kasiani akarudisha. Natalia akaingia tena, akacheza, akapiga goti. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Baada ya goti kuna pumzi mbili, na baada ya pumzi mbili ni Generoza.

"Rudisha."

Akarudisha. Hakuhesabu mara ngapi. Kila mara ukumbi ulifika ukingoni mwa ile sauti, na kila mara mama alisema neno lake, naye akabonyeza. Angeweza kuchelewa kidogo, hakuna ambaye angemlaumu. Umeme siku hiyo, kwa namna ya ajabu, haukukatika.

Mwishowe Tumwagile akaegemea kiti. "Basi," alisema. "Nimemwona anavyotembea. Naona sasa itakaa." Akamgeukia Kasiani. "Lile ulilolifanya sijalisahau. Lakini nimemwona."

"Asante, mama."

Nje dereva wa pikapu alikuwa anapiga honi. Wanawake wakainuka, wakitafuta kanga zao gizani.

"Ngojeni, jamani!" alisema Bernadetha. "Hatujafika penyewe! Hapo mbele tu kuna kitu cha kuchekesha, mama acheke kidogo kabla sijaondoka. Fundi, iachie iende."

Wote walimtazama Kasiani. Natalia alikuwa amesimama kwenye kioo, goti moja chini, picha inatetemeka.

"Gari litakuacha," alisema Kasiani.

Akabonyeza, na Generoza akabaki ndani ya kanda. Deki ikaitema kanda, bado ina joto, naye akaifuta vumbi kwa shati lake, akampa Bernadetha.