Vioo Viwili vya Boti ya Valdemar

Kaka Hemedi ndiye fundi rangi pekee niliyepata kumjua ambaye anamwuliza kila mtu. Kila mtu kabisa. Mama anayetuuzia chai, madereva wa bodaboda, hata karani wa korosho aliyekuwa anapita na mambo yake, wote waliwahi kusimamishwa mlangoni mwa banda letu, mtaani Chikongola, na kuulizwa, "Hii rangi umeionaje?" Mimi Rosalina, ninayeshona viti vya magari na boti upande wa pili wa banda hilo hilo, niliulizwa mara nyingi kuliko wote. Kwa miaka kumi na moja nilijiona nina jicho. Nilivimba kichwa, kwa nini niseme uongo?

Wateja walimpenda kwa hilo. Mafundi wengi wa mji huu watakupaka ile rangi iliyobaki kwenye kopo, halafu wakwambie ndiyo inayovuma Dar. Hemedi alisikiliza. Kasoro yake niliyoijua ilikuwa moja tu: rafu yake ya makopo haiguswi. Siku moja nilisogeza kopo nipate pa kuweka nyuzi zangu, akanifokea na kulirudisha pale pale lilipokuwa. Nikadhani ni hasira, nikamnunia wiki nzima.

Mwezi wa sita Valdemar akatuletea boti. Wazee wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji enzi za vita, na yeye sasa ana nyumba za wageni kule Msimbati. Boti yenyewe ni ile ndogo yenye injini kubwa, inayomvuta mtu kwa kamba naye akateleza juu ya maji na mbao miguuni. Aliinunua kuukuu, imepauka kama shati la kazi. Alitaka tuirudishe miaka ya sabini, kama zile alizoziona kwenye picha.

"Njomba," alimwambia Hemedi, maana huku kusini mjomba ndiye njomba, "nataka mgeni akiiona tu aulize nimeipata wapi."

Rangi tulichagua siku nne. Hemedi alipaka vipande vya mbao, akavitundika mlangoni, na wapita njia wakapiga domo wee. Valdemar aliitaka buluu. Nikamwambia buluu itamezwa na maji, asionekane hata na mkewe. Nikashikilia ubavu wa rangi ya maziwa na mistari mitatu kutoka puani hadi nyuma: kahawia, chungwa na njano, kila mmoja mwembamba kuliko wa kabla yake. "Dada Rosa ameshasema," Hemedi akacheka, na ikawa hivyo. Viti nikavishona kwa ngozi bandia ya kahawia yenye mifereji minene, kama vya mabasi ya zamani. Usukani ukawa wa mbao. Nilifanya kazi ile kwa raha zangu.

Zikabaki taa. Valdemar alipata taa mbili za duara, za kizamani, za kukaa puani mwa boti, lakini vioo vyake vya rangi vilivunjika safarini. Akaleta vioo vyeupe na vichupa viwili vya rangi ya kupaka vioo: nyekundu kwa taa ya kushoto, kijani kwa taa ya kulia. Hilo si pambo. Nahodha anayekuja mbele yako gizani anajua umeelekea wapi kwa rangi hizo, na ukizigeuza atakukwepa kwa kuja huko huko unakokwenda. Valdemar alimweleza Hemedi mara mbili, mimi nikiwa kwenye cherehani sisikii kitu. Majina ya rangi yalikuwa yameandikwa kwa kalamu juu ya vifuniko.

Jumapili nilikwenda misa. Jumatatu asubuhi nikamkuta Hemedi amekaa juu ya ndoo, taa zimeshapakwa na kufungwa, chai yake imepoa kwenye kikombe.

"Dada Rosa, hizi taa umezionaje?"

"Zinapendeza."

"Zinapendeza vipi?"

"Zinapendeza tu. Kwani vipi, kaka?"

"Kila moja iko mahali pake?"

"Mimi ya boti nitayajulia wapi? Si umezifunga mwenyewe?"

Akaenda kunawa mikono. Akarudi, akakaa, akaenda kunawa tena. Nikamwambia akapime malaria.

Saa nane Valdemar akaja na pikapu. Akaizunguka boti, akasimama mbele yake, akaisifu mpaka akamaliza maneno. Sasa, ukisimama mbele ya boti, kushoto kwako ndiko kulia kwake, na sote tuliitazama tukiwa mbele. Akatuchukua twende tukaione ikishuka majini.

Njia nzima ya Msimbati Hemedi aligeukageuka kuitazama boti nyuma yetu. Kila tulipopishana na gari alishtuka. Jasho lilimtiririka shingoni ilhali upepo ulikuwa mwingi, na kila nilipomtazama aligeukia mikorosho. Woga wake ukanipanda na mimi. Sikujua ninachokiogopa, na hapo ndipo woga unapokuwa mbaya.

Boti ikashushwa, ikaelea vizuri, watu wakapiga makofi. Yolanda, mke wa Valdemar, akavaa jaketi la kuokolea, akapanda, akakaa kwenye kiti nilichokishona. Valdemar akasema watakwenda mpaka karibu na mlango wa Ruvuma, warudi na kigiza ili ajaribu na taa. Boti za wavuvi zilikuwa zimeanza kutoka, moja baada ya nyingine.

Injini ikanguruma. Hemedi akaingia majini na viatu vyake, akaishika boti puani kwa mikono miwili.

"Bosi, zima!"

"Kuna nini, njomba?"

"Taa ya kushoto ina rangi gani?"

Valdemar akacheka. "Si umeipaka wewe?"

"Niambie rangi yake."

"Unanitania."

"Sioni, bosi. Nyekundu na kijani kwangu ni kitu kimoja, tangu nizaliwe. Vile vifuniko nilivipangusa kwa tina ya kuyeyushia rangi, maandishi yakafutika. Nikabahatisha."

Valdemar akainama juu ya pua ya boti, akatazama, akatazama tena. "Kijani," akasema. "Ya kushoto ni kijani." Yolanda akashuka, maji yakamfika mapajani, akaenda kusimama mbali.

Tulirudi kwa bodaboda mbili, na kesho yake ndipo Hemedi akanieleza. Utotoni kijijini kwao Nanyamba alitumwa kuchuma pilipili zilizoiva, akaleta mbichi, akachapwa kwa uvivu. Akajifunza kuuliza bila kuonekana anauliza. Mtu unaweza kumwuliza kama rangi inapendeza, akakutajia mwenyewe jina lake. Lakini fundi rangi ataanzaje kuuliza ipi ni nyekundu? Mji mzima ungejua kabla ya swala ya alasiri.

"Kwa hiyo miaka yote hukuwa unataka maoni yangu?" Niliumia, nisifiche.

"Nilikuwa naogopa, dada."

Mji umejua. Wateja wawili walikuja kuchukua vibao vyao vya maduka kabla havijapakwa. Valdemar alivibadilisha vioo kwa mkono wake mwenyewe, na hajatuletea kazi nyingine. Ila Hemedi anakula, anapiga mluzi, amenenepa hata. Ile rafu, ambayo kumbe makopo yake aliyajua kwa mahali yalipokaa tu, ameniachia niipange nitakavyo.

Juzi akaja nahodha mmoja wa Msimbati na vioo vya taa zake. Alisema anamtaka fundi yule aliyeingia majini na viatu. Hemedi akachukua vichupa viwili visivyo na maandishi, akaniwekea mikononi, akangoja kwa utulivu kama mtu aliyekwisha kupata jibu. Nikavitoa nje juani. Nyekundu naijua tangu sijajua kutembea. Nilivitazama mara tatu, maana sasa boti ya watu gizani ingefuata neno langu, na bado nikavigeuza nivitazame mara ya nne.