Tenga Ni la Safari

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka, na kila nikiikumbuka hasira inanipanda upya. Kaa hapo. Weka simu chini. Usiniambie "nakuja, mama". Kaa sasa hivi.

Nimeliona lile boksi uani. Sungura wawili umewaleta juzi kwa bodaboda kutoka Kilosa, na mpaka leo wamo ndani ya boksi la biskuti, masikio yamelazwa na kifuniko. Nimekuuliza, ukanijibu nini? "Ni kwa muda tu, mama." Kwa muda! Neno hilo silitaki nyumbani kwangu, na leo nitakwambia kwa nini.

Wakati wa vijiji vya ujamaa nilikuwa binti mdogo. Tulitoka kwetu milimani, juu ya Kidodi, tukateremshwa huku upande wa Mikumi, nyumba zikapangwa mstari mmoja kandokando ya barabara. Mjomba wangu alikuwa seremala, na kazi ilimwelemea kweli, maana kijiji kizima kilitaka milango. Bibi yangu, mama yake mzazi, mjomba akamjengea kibanda cha majani chenye mlango mfupi, ukiingia ni kama umerukuu. "Ni kwa muda tu, mama," alimwambia. Masika yakapita, yakaja mengine, bibi yumo humo humo.

Basi mjomba akaenda Kilosa kufuata misumari, akarudi ameniletea sungura jike, mweupe, ndani ya tenga la kuku. Nikamwita Pamba. Alikuwa kitoto bado, anaenea kiganjani, na tenga la mianzi likaonekana pana kweli. Hapo ndipo watu wanapopotea, mwanangu: wanampimia mnyama nyumba siku anapofika, kana kwamba hatakula, hatakua. Pamba alikula, akakua, akalijaa tenga. Akiinuka, masikio yanagonga juu. Akitaka kugeuka, sharti ajikunje kwanza. Akaanza kuitafuna mianzi ili atoke, na mjomba akaja akaziba kwa waya!

Nilimwendea mjomba, nikapiga magoti, nikamwamkia, nikamwomba banda. Alicheka, akawageukia mafundi wenzake. "Watu wenyewe hapa hawajapata nafasi, huyu anamtafutia sungura ikulu! Akae humo kwa muda."

Zamani mjomba hajibiwi. Nikainuka nikaenda zangu.

Pamba alikuwa ameshapandwa na dume la jirani. Asubuhi moja nikakuta amezaa. Alikuwa amejinyofoa manyoya ya kifuani awatandikie wanawe, lakini awatandikie wapi? Pa kuwalaza ndipo hapo hapo pa yeye kukanyaga. Aliwakanyaga, mwanangu. Wote. Wala hakuwa mama mbaya, usije ukamsingizia. Hakuwa na pa kuweka mguu. Nililia mpaka bibi akatoka kibandani mwake, ameinama vile vile.

Alitazama ndani ya tenga, akalibeba na Pamba wake, moja kwa moja mpaka barazani kwa mjomba, ambaye alikuwa anakula na mafundi. Akalitua kando ya sinia la ugali.

"Ingia," akamwambia mwanawe.

"Mama jamani, kuna wageni."

"Nakwambia ingia! Huwezi? Mkuki kwa nguruwe mtamu, siyo? Tenga ni la safari, wewe! Kuku anapandishwa treni ndani ya tenga, akifika anatolewa. Huyu amefika lini? Na mimi je? Nimefika, au bado niko njiani?"

Mjomba akalirudisha tonge siniani. Hakuna fundi aliyecheka siku hiyo. Kinyozi hajinyoi, haya, tumesikia. Lakini seremala amwache mama yake mzazi anaingia ndani kwa kuinama, huku watu baki wanamsifia milango yake? Alinawa akachukua msumeno. Banda la Pamba likasimama kabla jua halijatua, na kabla ya mvua bibi alikuwa na nyumba ya udongo yenye mlango mrefu wa mninga.

Unatabasamu. Unadhani imeisha vizuri. Haikuisha vizuri, ndiyo maana nakufokea! Tulimweka Pamba kwenye banda jipya, majani mabichi tukayaweka upande wa pili. Hakuyafuata. Alijibana pembeni, pahali padogo pa ukubwa wa tenga, nyayo zina vidonda, miguu ya nyuma haimbebi tena. Nikawa namsogezea majani mdomoni mpaka alipokufa. Na bibi yangu, mlango mrefu ule aliojengewa, mpaka anaingia kaburini aliupita ameinama. Mgongo ulikuwa umeshasahau.

Sasa nisikilize. Usimpimie sungura banda kwa mwili alio nao leo, mpimie aliyekomaa. Alale ajinyooshe mwili wote. Asimame kwa miguu ya nyuma, masikio yasiguse juu. Aruke, aruke tena, aruke na mara ya tatu ndipo akute ukuta. Wako ni wawili, kwa hiyo ongeza, na uwatengee kona yenye giza ya kuzalia, pembeni ya pale wanapokanyaga. Linyanyue banda, siafu na unyevu visiwafikie. Kama nafasi huna, warudishe kwa aliyekuuzia, wala hakuna aibu. Aibu ni hiyo "kwa muda" yako, maana asemaye hivyo huwa yuko nje ya tenga.

Haya, inuka. Mungu akukuze, akupe nyumba ya kuingia umesimama wima, wewe na mkeo na watoto utakaowazaa, na uzeeni asikuweke mikononi mwa mtu wa kukwambia subiri. Amina. Msumeno uko nyuma ya mlango.