Sala Iliyowahi Mno

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kila ninapoitwa kusuluhisha watu ni alasiri moja huko Nyansiongo. Nilikuwa kijana, nimemaliza kusoma kitabu kizima kuhusu haki rejeshi. Kitabu kilisema aliyekosa na aliyekosewa waketi pamoja, ukweli usemwe, madhara yarekebishwe, na jela iwe njia ya mwisho. Bado naamini hivyo. Ila kitabu hakikusema kwamba watu huchoka.

Ombati alikuwa ameikata kwa panga michai ya Moraa, mjane wa amu yake, kwa hasira ya mpaka wa shamba. Moraa angeweza kwenda polisi. Wazee wakamsihi yaishe nyumbani. Nami wakaniita, tukaketi uani kwa Moraa. Ombati akakiri, kichwa chini. Mzee wa ukoo akatazama mawingu, akasema, "Kijana amekubali. Shikaneni mikono tufunge kwa maombi."

Unajua kwetu: maombi ya kufunga yakishaombwa, hakuna anayefungua neno tena. Tuliinama. Mwishoni sote tuliitikia amina, isipokuwa Moraa.

"Mama, mbona huitikii?" mzee akamuuliza.

"Niitikie nini, baba? Mimi sijasema hata neno moja."

Jirani akadakia, "Mama, mvua hiyo inakuja, na chai inapoa."

"Basi inywewe ikiwa baridi. Wewe umekatiwa nini?"

Watu wakacheka. Moraa akamgeukia Ombati. "Ulianzia wapi kukata?"

"Kule chini, mama. Karibu na mto."

"Mistari ile niliipanda na amu yako mwaka tuliooana. Ulijua?"

"Sikujua," alisema, akainua kichwa kumtazama. Kukiri kwake kwa kwanza kulikuwa kwa ajili ya wazee. Huku kulikuwa kwa Moraa.

"Sitaki ufungwe," mama akasema. "Njoo unipalilie mpaka visiki vichipuke nichume tena."

Alikuja, akaacha, tukamfuata, akarudi akinung'unika. Visiki vingine vilikauka kabisa. Hawakupata kuwa marafiki, nisikudanganye. Lakini Moraa alichuma tena, na Ombati hakulala jela.

Tangu hapo nimeketi katika vikao vingi, na nimechoka. Naona vingi vikifungwa ili wasuluhishi wawahi makwao, na aliyeumia akirudi kwake na uchungu ule ule, sasa akiwa amekatazwa hata kuusema.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiitwa kusuluhisha, aliyeumizwa aseme kwanza mpaka atosheke. Muulize yeye kitakachomponya, usimchagulie. Kisha fuatilia kazi iliyokubaliwa, hata wengine wakishasahau. Msamaha usiudai, si wako.

Mungu akupe moyo wa kukaa wakati wenzako wanainuka. Na ukichoka kama nilivyochoka mimi, akuletee mtu wa kukupokea mzigo.