Siku Niliyoipeleka Mashine Ikaone Barabara

Wakuu, mashine yangu ya kukamua alizeti imelipia barabara miaka sita. Na kabla ya siku hiyo ilikuwa haijawahi kutoka kibandani.

Msicheke. Mimi ni mkamuaji, kijiji kimoja mbele ya Kinyangiri. Mashine inakunywa dizeli, na kila lita ina tozo ya barabara ndani yake. Mwenye lori analipa, na mimi niliyeifunga mashine kwenye zege nalipa vilevile. Usawa mtamu kweli!

Msimu huu dizeli ilipanda mpaka nikamwambia mke wangu, Severina, "Nisipopunguziwa, nafunga kazi."

Bahati nzuri, ofisa wa ushuru akaitisha mkutano kijijini. Nikafungua nati zote, nikapakia mashine kwenye mkokoteni wa ng'ombe.

"Unaipeleka wapi?" Severina akauliza.

"Ikaone barabara iliyoilipia."

"Haya. Nenda na akili zako, baba Damiani."

Mkutanoni watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikasimama kifua mbele.

"Mheshimiwa, hii haina tairi, haina usukani, haina hata leseni. Inalipia barabara gani?"

Makofi! Nikajiona mbunge kabisa.

Ofisa, kijana mpole, akaizunguka mashine taratibu.

"Hoja nzito, mzee. Anayetumia barabara ndiye alipe, siyo?"

"Hapo sasa!"

"Na hiki kilichoibeba kinalipa shilingi ngapi?"

Nikautazama mkokoteni. Ng'ombe wangu mmoja akaona huo ndio wakati mzuri wa kukojoa.

"Hakilipi," nikajibu.

"Asante sana." Akaandika.

Mwezi uliofuata tangazo likabandikwa: kila mkokoteni ununue stika ya barabara. Eti kwa ajili ya usawa. Dizeli? Tozo ileile, haijapungua hata senti.

Sasa niwaulize, alizeti huwa inafikaje kwangu? Kwa helikopta? Inaletwa na mikokoteni! Wenyewe wamesusa, wanawauzia walanguzi hukohuko shambani. Mashine imepoa wiki ya tatu, na roho inaniuma.

Juzi nikampa shikamoo Mzee Amosi, mwenye mikokoteni miwili. Akanitazama, akapita zake. Umri huu nimenyimwa marahaba, jamani.

Nililojifunza ni hili: ukienda kumlalamikia mtoza ushuru, nenda kwa miguu. Tena peku.