Mwosha Maiti na Mke wa Fundi Friji

Mtaani walimwita Mama Kataza, na wala hakuchukia. Aliona ni cheo. Ukila umesimama, alikukalisha. Ukiacha redio inaimba wakati wa adhana, aliingia bila hodi akaizima. Wanawake wakinong'ona kwenye bomba la maji, aliwakatiza: "Mnatafuna nyama ya mwenzenu hiyo!" Uovu, alisema, uuondoe kwa mkono, ukishindwa kwa ulimi, ukishindwa kabisa uuchukie moyoni. Yeye mkono na ulimi havikumpungukia, ilimradi uovu wenyewe uwe mdogo.

Kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake, mwaka wa ishirini na sita huo. Hapo nisimsingizie, kazi aliijua. Alipitisha mkono uliofungwa kitambaa chini ya shuka, taratibu kama anayemwogesha mtoto mchanga, na alichokiona kikabaki chumbani. Kwa usiri wake aliaminiwa kuliko daktari.

Ndipo akafa mke wa fundi friji. Kateleza bafuni, mume alisema. Mama Kataza alipofunua shuka kidogo aoshe ubavu, akakuta michubuko, mingine mibichi, mingine imeshageuka manjano. Mtu hatelezi bafuni wiki tatu mfululizo. Mdogo wake Mama Kataza, aliyekuwa akimmiminia maji, akasita na kata mkononi.

"Dada, unaona?"

"Mimina maji."

"Lakini huyu kapigwa, dada!"

"Mimina maji, nimekwambia! Ya maiti hayatoki nje."

Kosa hilo mwosha maiti tu ndiye angeweza kulifanya: sitara ya aliyepigwa akamfunika nayo aliyempiga. Aibu haikuwa ya marehemu hata chembe. Tena hakuwa mgeni wa habari hizo. Mara mbili marehemu huyo, akiwa hai, alimjia akilia, na mara zote mbili akamrudisha kwa mumewe: "Subiri mwanangu, Mungu anakuona." Huko ndiko kuamrisha mema kwake! Alipomaliza kuosha akatoka nje, akamkuta fundi anapokea rambirambi, akampa pole kama wengine. Nikikumbuka pole ile, mate yananichachukia.

Baada ya miezi minane fundi akaposa kwa mshonaji, nyumba ya tatu kutoka kwa Mama Kataza. Mahari ikapokelewa, ndoa ikapangwa Ijumaa. Chakula kikawa hakimshuki Mama Kataza. Jumatano asubuhi akajikaza, akaenda. Mshonaji na bintiye walikuwa chumba cha mbele, kila mmoja kwenye cherehani yake, wanamalizia nguo ya bibi harusi. Akayasema yote bila kupamba.

Mshonaji akaweka mkasi chini. "Siku ile ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Hata mama yake marehemu?"

"Nilikuwa namsitiri marehemu, mdogo wangu."

"Na leo unamwanika! Kumbe ndivyo mnavyotembeza miili yetu mitaani? Siku nikifa usiniguse. Toka kwangu!"

Heshima ya miaka ishirini na sita ikamtoka hivyo, mchana kweupe. Ilimchoma, lakini hakutoka. Akamgeukia binti.

"Mwanangu, usiolewe na yule mtu. Nakukataza."

Binti hakuinua uso. "Uliyaona kwa macho yako, bibi?"

"Wallahi niliyaona."

"Mimi nakuamini. Juzi tu kanibana mkono hapa, eti kwa nini nimecheka na mwenzake mmoja." Akavuta mkono wa gauni juu kidogo, kisha akaushusha. "Lakini baba keshapokea mahari, na mama umemsikia. Nikisema sitaki, wataniuliza ushahidi. Ushahidi ulikuwa nao wewe, bibi. Ukauzika."

Akanyoosha kitambaa chini ya sindano, akaendelea kushona.