Mahindi Ambayo Hayajaonjwa

Usiku ule wa kuamkia Jumamosi nililala na karatasi ya mapishi mfukoni mwa shati, kwa kuwa sikumwamini mtu yeyote nyumbani kwangu kwamba hataibadilisha. Kesho yake jioni wazee wa kijana walikuwa wanakuja kumposa binti yangu Salma. Mimi niliyepika katika hoteli za watu zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nimeapa kwamba hakuna mwingine atakayeshika mwiko. Kila kitu kingekuwa cha msimu, kutoka kwa wakulima wenyewe: mahindi mabichi ya vuli yapikwe na maharage mabichi, majani ya maboga yaungwe kwa karanga, kuku wa kienyeji, na mapeasi ya kumalizia. Ijumaa nililizunguka gulio zima mara tatu, nikibonyeza mapeasi na kuchana maganda ya mahindi mpaka wauzaji wakaanza kunikimbia.

Karatasi ilikuwa imekamilika. Kilichokosekana ni mtu mmoja.

Kwetu huku milimani, katika ukoo wetu, mahindi mapya hayaliwi wala hapewi mgeni kabla mkubwa wa nyumba hajaonja. Alikuwa akionja mama. Alipofariki, kazi hiyo ikamwangukia dada yangu Zaina, mkubwa wangu. Lakini siku ya arobaini ya mama, dada alipika wali wa khitma ukashika moshi, nami nikaonja kijiko kimoja, nikaibeba sufuria nzima na kwenda kuimwaga migombani, mbele ya majirani. Nikasema, na walinisikia, kwamba chakula kile ni cha kuaibisha ukoo. Dada alifunga kanga yake, akaondoka. Ni miaka mitatu sasa hajakanyaga kwangu, na miaka yote hiyo mahindi mapya yakitoka mimi husema jino linaniuma, nisiyale.

Mke wangu aliniambia twende tukamwombe dada, posa bila shangazi ni posa gani. Nikamjibu kwamba wageni wanakuja kula, hawaji kuhesabu ndugu. Salma mwenyewe aliuliza mara moja tu shangazi atakaa wapi. Nikamwambia viti vinawatosha walioalikwa. Hakuuliza tena, na kwa kweli kimya chake ndicho kilichonichelewesha kulala.

Basi nikalala, nikajiona niko gulioni.

Jua ni kali na watu wamejaa, ila hakuna sauti. Naona midomo ya wauzaji ikitembea, sisikii kitu. Nyuma ya fungu la mahindi ameketi mama, amenyoosha miguu juu ya gunia kama alivyozoea, na ile kanga yake ya buluu. Najua kwamba amekufa. Najua pia kuwa si adabu kumkumbusha, kwa hiyo namsalimia shikamoo, nainama kuchagua. Nachukua hindi moja, zuri, punje zimejaa mpaka nchani. Mama ananishika mkono.

"Nani ameonja?"

Nikamweleza kwamba nina wageni, kwamba jioni inakaribia, kwamba nimepika maisha yangu yote na jicho langu linatosha. Alilitoa lile hindi mkononi mwangu polepole, akalirudisha kwenye fungu. Nikageukia kwa muuza maharage, naye akafunika maharage yake. Muuza mapeasi akafunika. Gulio zima likawa magunia yaliyofunikwa, na mimi katikati nina kikapu kitupu, na jua linashuka haraka kuliko kawaida.

Sikumbuki kutembea. Niko jikoni kwangu na sufuria iko motoni. Moto unawaka vizuri, naongeza kuni, maji hayachemki. Natia mkono ndani, ni ya baridi. Nje nasikia hodi, halafu viatu vinavuliwa kimoja kimoja, vingi sana, kama vya msikitini. Nachochea moto tena. Mama amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, ananitazama, na mimi niliyewafokea wapishi wadogo hotelini nageuza uso pembeni.

Mzee wa upande wa kijana anauliza kule sebuleni, kwa upole kabisa: "Shangazi wa binti yuko wapi?"

Salma amesimama mlangoni na sahani tupu mikononi, zinagongana. Ananitazama mimi. Nafunua sufuria ili angalau nipakue kitu, na harufu ya moshi inanipiga usoni. Hakuna mahindi. Ni wali, wali ule ule wa arobaini, umeshika chini, unafuka. Napakua, haupungui. Napakua tena, unapanda mpaka ukingoni na kuanza kumwagika sakafuni. Kule sebuleni wageni wanaanza kuinuka, nasikia viti. Nikaikumbatia sufuria ikiwa na moto wake nikakimbilia migombani, kama siku ile, niumwage kabla hawajauona.

Mama alikuwa ameshafika huko. Alisimama pale pale nilipomwaga, miguu mitupu, akakinga viganja vyake viwili kama mtu anayepokea chakula.

"Ule wali ulikuwa wangu, Athumani," akasema. "Nilikuwa nimekuja kula."

Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo.

Niliamka nimeketi kitandani, mikono imekumbatia mto, na machozi yameshafika kidevuni. Niliona aibu, mtu mzima, mwenye mvi. Adhana ya alfajiri ilikuwa inaanza. Mke wangu aliuliza kuna nini, nikamwambia nakwenda kuwasha jiko.

Nilichagua hindi moja kwenye kikapu, nikalichoma. Nimechoma maelfu, lakini mawazo yalikuwa migombani, upande mmoja ukaungua ukawa mweusi. Nikafikiria kuchoma jingine. Nikaona nikisubiri jingine nitapata pia sababu ya kutokwenda. Nikalifunga kwenye maganda yake, nikashuka bondeni na kupanda upande wa pili, mpaka kwa dada.

Alikuwa anafagia uwanja. Aliponiona aliacha kufagia, lakini hakuuweka ufagio chini. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuomba radhi, yote yakanipotea. Nikampa lile hindi kwa mikono miwili.

"Shikamoo, dada. Mahindi yametoka. Hatujala bado."

Hakuitikia. Alifungua maganda, akaligeuza hindi, akaona ule upande mweusi.

"Umeliunguza."

"Nimeliunguza, dada."

Akalitazama, akanitazama mimi, kisha akatazama migomba yake nyuma ya nyumba. Kama angelitupa kule ingekuwa haki yake, na nisingefungua mdomo. Akauegemeza ufagio ukutani. Akaanza kwa upande ulioungua. Alitafuna taratibu, kwa makini, midomo ikawa myeusi kwa masizi, na hakuacha punje hata moja. Nilisimama pale nikimsubiri kama mtoto anayesubiri daftari lake lisahihishwe.

Alipomaliza alinipa gunzi mkononi, akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Marahaba," akasema. "Wageni wanafika saa ngapi?"

Nikamwambia baada ya magharibi. Akaingia ndani, nikasikia anafungua sanduku la nguo. Kisha akasema kutoka humo humo ndani, kwa sauti ya mtu ambaye hataki kubishiwa:

"Wali napika mimi."

Karatasi yangu ya mapishi haikuwa na wali. Nikamwitikia, sawa dada, nikakaa kizingitini kumngoja.