Mwalimu Violeth Hatulii

Mwalimu Violeth ukimwona amekaa chini ujue anaumwa. Mimi ndiye ninayepika uji pale kwenye kituo chake cha kulelea watoto, mtaa wa Viwanja Sitini, na nakwambia, kumtazama tu kunachosha. Atatikisa uzio. Atarudi kuangalia kama lango limefungwa, hali amelifunga mwenyewe sasa hivi. Atajidondoshea uji mgongoni mwa kiganja kabla mtoto hajaonja, utadhani leo ndiyo siku yangu ya kwanza jikoni. Nikimwambia Mwalimu, hebu pumzika, ananitazama kama nimemtukana.

Vita yetu kubwa ilikuwa hilo jiko. Mafiga yangu yalikuwa pembeni ya darasa, mahali pa wazi, nawaona watoto na wao wananiona. Akaja afisa wa ustawi wa jamii kukagua, akasema moto uzungushiwe ukuta na mlango wa kufunga. Basi, afisa hata hajafika barabarani, Violeth keshampigia simu fundi. Nikaingizwa na moshi wangu kwenye kichumba kama kuku anayeatamia. Nilinuna wiki nzima, na kila aliyepita nilimwambia.

Ndipo akanieleza. Kwao ni Mahenge. Dada yake mkubwa, Balbina, alikuwa na kifafa, na siku moja alianguka kwenye moto wa jikoni nyumba ikiwa imejaa watu. Hakuna aliyemgusa. Huku kwetu wengi wanaamini mate ya mtu aliyeanguka yanaambukiza. Wapo wanaosema hata akijamba wakati ule, aliye karibu naye kwisha habari yake. Violeth alikuwa mdogo, akamvuta dada yake mguu, akashindwa. Dada hakupona. Aliniambia hayo mara moja tu, huku anakunja vitambaa vya watoto, na hajarudia tena. Mimi na ule ukuta tukapatana siku hiyohiyo.

Sasa mvua zilipoanza akaja Sikitu na mwanawe Ignas, wa miaka minne. Sikitu hakuficha. Alisema mtoto anaanguka kifafa, dawa za hospitali anakunywa, lakini bado kuna siku zinamzidi. Yeye ana mashamba ya mpunga Namawala, na msimu wa kupandikiza ukifika analala hukohuko shambani. Usiku mtoto angelala kwa bibi yake hapa mjini, ila bibi macho yake hayaoni vizuri, kumlinda mchana hawezi. Kituo kikimkataa, ataondoka naye.

Wewe hujui shambani kukoje wakati huo, acha nikwambie. Majaruba yote yamejaa maji. Moto wa kupikia uko chini palepale nje ya kibanda. Mtoto wa kuanguka ghafla, akiangukia uso kwenye maji, mama kainama anapandikiza upande wa pili, nani atamwona? Violeth hakufikiri mara mbili. Alimpokea Ignas, akamwonyesha pa kutundika mkoba wake.

Mtoto alikaa vizuri, kisha akaanguka, mara moja tu, asubuhi moja mimi nikiwa sokoni. Hiyo mara moja ilitosha habari kuzunguka mtaa mzima kabla ya jioni. Wengine wakaanza kuwauliza watoto wao kama wamekunywa kikombe kimoja na Ignas. Mama mmoja alitaka awekewe mkeka wake peke yake, kule mwisho. Nilimjibu vibaya, na sijutii.

Siku aliyopanga Sikitu kwenda Namawala, wazazi walikuja kwa pamoja asubuhi, mbele yao Evod, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, baba yake Jenifer, mmoja wa watoto wetu pale kituoni. Sikitu alikuwa amesimama langoni na mzigo wake wa safari, amekuja kumuaga mtoto. Evod hakujali kama yupo.

"Mwalimu, wewe ndiye unayetuhubiria usalama kila siku," alisema. "Huyo mtoto atoke, au sisi tuwatoe wetu."

Usalama! Neno lilelile lililonifungia mimi jikoni, leo analitumia kumfukuza mtoto wa watu. Violeth aliwaeleza kwamba kifafa hakiambukizi, na kwamba afisa alishasema hakuna kanuni inayomkataa mtoto mgonjwa, kinachotakiwa ni walezi wajue la kufanya. Walinung'unika tu. Halafu Sikitu, kwa sauti ndogo, akasema basi, atakwenda naye, hataki kumvunjia Mwalimu kituo chake. Violeth akaenda kumzuia langoni.

Katikati ya hayo Ignas, aliyekuwa darasani na wenzake, akatoa mlio, akaanguka sakafuni, mwili ukaanza kutikisika.

Wazazi walikimbilia langoni, wakabanana palepale, Violeth na Sikitu wakawa wamezibwa na watu. Mimi nilitaka kwenda, nikabaki nimeng'ang'ania mlango wa jiko. Waliokwenda ni watoto. Wawili walisukuma viti mbali naye. Jenifer alivua sweta lake, akalikunja, akaliingiza chini ya kichwa cha Ignas. Kisha wote wakakaa chini kumzunguka, hawakupiga kelele, hawakumbana mikono, wakasubiri. Kumbe ule mchezo wao wa baada ya uji, mmoja anajiangusha wengine wanakaa kimya, mchezo nilioudhania upuuzi, ndivyo Mwalimu alivyokuwa anawafundisha kumsaidia Ignas!

Violeth alijipenyeza akafika. Alimlaza mtoto ubavu, akamfuta mate kwa ncha ya kanga yake. Mtu mmoja langoni alisema apewe kijiko ang'ate. Violeth hakugeuka, alisema tu mdomoni hakiwekwi kitu.

Evod alikuwa ameshika nguzo ya lango. Alimwita bintiye atoke pale haraka, waende nyumbani. Jenifer alikuwa amekaa kichwani pa Ignas, mkono juu ya bega lake.

"Nisubiri, baba," alisema. "Bado hajaamka."

Evod hakumwita tena. Alisubiri. Sote tulisubiri, na ule muda ulikuwa mrefu kuliko asubuhi yote. Mwishowe Ignas alitulia, akafumbua macho, akawa hajui yuko wapi. Jenifer akamwambia yuko shule. Baadaye kidogo akaomba maji, na Jenifer akampa ya kwenye kikombe chake mwenyewe, baba yake akiangalia.

Wapo waliowaondoa watoto wao siku ileile, sidanganyi, na mpaka leo tukikutana dukani wananipita kama hawanijui. Evod hakuomba radhi. Alimuaga bintiye, akaenda kwenye mashine yake, akamwacha pale.

Sikitu alipiga magoti kwa mwanawe, akamkumbusha amsikilize Mwalimu. Kisha akaniomba nimsaidie kujitwika. Mzigo ulikuwa mzito, kumbe nguo za mtoto zilikuwamo humo, alizifunga akihofia tutamkataa. Akaushusha tena, akazitoa moja moja akanikabidhi nizipeleke kwa bibi, halafu akaenda Namawala peke yake.